Kauri ya Fedha: Mapambo ya Mpakani, Busia na Malaba

Kabla ya Malaba kuwa na foleni ya malori, kabla ya Busia kuwa na geti la forodha, chuma cha nchi hii kilitoka Samia. Milima ya Samia si mirefu, lakini mawe yake ni mazito. Mvua kubwa ikiosha vijia vya juu ya Funyula, hujitokeza mawe ya rangi ya damu iliyokauka, na mtoto wa kule hulijua jiwe la chuma kwa kuliinua tu. Wahenga wetu waliyaokota mawe hayo, wakayaponda, wakayachoma kwa makaa ndani ya tanuri la udongo lililochimbwa chini, huku vijana wakipokezana mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Upepo uliingia kwa mirija ya udongo uliochomwa. Kilichotoka hakikutiririka kama uji. Lilikuwa bonge lenye matundu, nusu chuma nusu takataka, na mhunzi alilirudisha motoni na kulipiga nyundo tena na tena mpaka takataka zikatoka. Mpaka leo, mtu akilima katika baadhi ya mashamba ya huko, jembe hugonga mavi ya chuma, meusi, yanayong'aa kama chupa yakivunjika.

Kazi yangu ni kusubu fedha. Kwetu ni Samia, ila karakana yangu iko Malaba, nyuma ya safu ya maduka, karibu kiasi kwamba breki za malori huzisikia mchana kutwa. Ninatengeneza pete, vipuli na vidani, na karibu kila kipande hukisubu kutokana na kitu halisi: ganda la njugu, mbegu, kichwa cha mtama, kauri, omena mkavu wa Sio Port. Wateja wengi hudhani ufundi huu umeletwa kutoka Nairobi au Ulaya. Mbinu moja mbili, ndiyo, nilijifunza kwa watu wa mbali. Lakini haja ya kuvaa umbo la kitu cha porini au cha ziwani, likiwa limetengenezwa kwa madini yaliyopita mikononi mwa wafanyabiashara, ni ya hapa hapa, na ina historia ndefu kuliko mpaka wenyewe wa Kenya na Uganda. Historia hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Jembe la Samia ndilo lililokuwa utajiri. Lilikwenda Bunyala, Marachi, kwa Wajaluo wa kando ya ziwa, na kuvuka hadi Busoga. Lililimiwa, na lilitolewa mahari. Kwenye chuma kilichobaki mhunzi alitengeneza vitu vidogo: mikuki, visu vya kuvunia, njuga za kufunga miguuni wakati wa ngoma, pete, na vikuku.

Ninacho kikuku kimoja cha namna hiyo, cha kukhu wangu, yaani nyanya yangu, ambacho naye alirithi kwa mama yake. Ni fimbo ya chuma iliyokunjwa, na ncha zake hazikutani. Pengo limeachwa ili mkono upenyezwe kwa ubavu. Katikati ni kinene na kwenye ncha ni chembamba. Ukikigeuza kwenye mwanga unaona mapigo ya nyundo, moja baada ya jingine, yameshuka kwa mpangilio kama nyayo za mtu asiye na haraka. Upande wa ndani umelainika kabisa. Hakikulainishwa na tupa wala msasa. Ni ngozi ya wanawake watatu iliyokisugua. Mhunzi aliyekipiga hakuweka alama yake popote, lakini mimi ninayejua kazi naweza kusema alikuwa mtu mwenye subira, maana kupiga chuma cha namna ile kikawa chembamba kwenye ncha bila kupasuka ni jambo gumu.

Niseme pia, kwa kuwa ni kweli, kwamba katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mwanamke hakuruhusiwa kusogelea tanuri wakati chuma kinaiva. Wazee wa kwetu wanaponiona na miwani ya kulehemu na koleo mkononi hunitazama kwa muda, kisha wengi huniuliza moto wangu una joto kiasi gani. Hapo mazungumzo huwa ya mafundi, wala si ya mwanamke na mwiko.

Chuma kilikuwa chetu, lakini pambo halikuwa chuma peke yake. Wakubwa wa kandokando ya ziwa walivaa kichwani meno ya kiboko yaliyopinda. Watu walitunga mbegu ngumu za kijivu zinazoota kwenye majani marefu ya mabondeni, zile zenye tundu la kuzaliwa nalo ambazo hazihitaji kutobolewa. Walivaa kucha za chui na manyoya ya ndege. Na walivaa kauri.

Kauri hazitoki ziwani. Zinatoka Bahari ya Hindi, na nyingi zilizofika bara ziliokotwa katika pwani yetu ya Afrika Mashariki na kupitia Unguja. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizibeba kwa merikebu kutoka Unguja hadi Afrika Magharibi, kwa sababu kule zilikuwa pesa. Upande wetu zilipanda na misafara, zikawa pesa Buganda na kwa majirani wa Buganda, zikihesabiwa kwa nyuzi za mia mia. Kwa hiyo mtu aliyevaa kauri shingoni alikuwa amevaa pambo, na wakati huo huo amevaa akiba yake. Ukikwama njiani, unakata uzi.

Misafara hiyo hiyo ilileta madini. Kituo kikubwa kilikuwa Kwa Sundu, ambako ndiko Mumias ya leo, chini ya Shiundu, aliyekuwa Nabongo, yaani mfalme, na kisha mwanawe Mumia. Mskoti Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883 na kuendelea hadi ufuoni mwa ziwa mwezi Desemba. Wapwani walikuwa wamemtangulia. Walikuja na nguo za merikani, shanga za kioo, masango, yaani waya mnene wa shaba, na udodi, yaani ule waya mwembamba unaosokotwa kuzunguka mkono au mguu. Waya wa shaba ulikuwa mzigo wa maana sana kwenye safari hizo. Mhunzi wa huku hakuwa na haja ya kuyeyusha shaba. Alipokea waya ulio tayari, akaukunja, akaupiga, akaufanya kikuku au pete ya sikio. Ninavyoona mimi, hapo ndipo uhunzi wa mapambo ulipoanza kujitenga na uhunzi wa jembe. Jembe lilihitaji mlima. Pambo lilihitaji njia ya biashara, na sisi tulikaa juu ya njia.

Fedha ilichelewa. Pwani walikuwa nayo zamani. Masonara na wafua fedha wa Lamu, Unguja na Maskati waliyeyusha reale, ile sarafu nene yenye sura ya Maria Theresa ambayo tangu afe imeendelea kupigwa na tarehe ile ile ya 1780. Ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na sehemu 833 kati ya 1,000 ni fedha. Kutoka humo walifua kekee, mafurungu, mikufu na vifuko vya hirizi. Bibi wa Lamu alivaa miguuni fedha ambayo leo ningeweza kuifanyia kazi mwezi mzima. Lakini bara hapa reale hazikuenea. Mfanyabiashara alizipokea Unguja na kuziacha Unguja. Safari ya bara alilipa kwa nguo, shanga na waya, kwa kuwa ndivyo vitu watu walivyovitaka.

Fedha ilitufikia ikiwa imevaa sura ya serikali. Ilikuja kama rupia.

Wakati huo sisi tulikuwa Uganda. Jambo hili vijana wa Malaba hawalijui, na huwaambia kila ninapopata nafasi. Eneo lote kuanzia hapa hadi Kisumu na kwenda mbele hadi Naivasha lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda mpaka tarehe 1 Aprili 1902, lilipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. C. W. Hobley, ofisa wa Kiingereza aliyekaa Mumias na kuandika kuhusu watu wa huku, alichapisha kitabu chake mwaka huo huo wa 1902, na jina lake ni Eastern Uganda. Kwa hiyo mambo ya pesa ya Uganda yalikuwa mambo yetu. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba, na mtindo wa kodi ya nyumba ukasambaa. Mwanzoni kauri zilipokelewa. Lakini kuzihesabu na kuzibeba kulikuwa mateso kwa karani, maana rupia moja ilikuwa sawa na kauri mia kadhaa, na kufikia mwisho kama elfu moja. Mwaka 1901 serikali ya Uganda iliacha kupokea kauri kwa kodi.

Fikiria hasara ya mtu aliyekuwa na nyuzi za kauri nyumbani. Kilichokuwa pesa na pambo kikabaki pambo peke yake. Mwaka huo huo wa 1901, mwezi Desemba, reli ilifika ziwani Kisumu, na nyuma yake yakaja majembe ya kiwandani kutoka Uingereza. Tanuri za Samia zilipungua moto, na katika miongo iliyofuata zikazimika. Wahunzi hawakuacha kazi. Waliacha mlima. Walianza kufua vyuma vilivyotupwa, springi na vyuma vya reli, na mpaka leo mhunzi wa Busia huanza na kitu kilichovunjika cha mtu mwingine.

Rupia moja ya Kihindi ina gramu 11.66, na sehemu 917 kati ya 1,000 ni fedha. Kwa fundi, hiyo ni fedha safi ajabu, karibu kabisa na ile ninayotumia mimi ya 925. Mtu aliyepata rupia kwa kuuza ng'ombe au kwa kubeba mizigo ya Mzungu, na ambaye alishamaliza kodi, alikuwa na hiari: aizike, aibadilishe, au aivae. Ukitoboa tundu karibu na ukingo, juu ya kichwa cha Malkia Victoria, unapata kidani. Ukiipiga hadi iwe utepe, unapata pete. Kote Afrika Mashariki rupia zilivaliwa hivyo.

Kisha ikatokea sarafu ambayo naipenda kuliko zote, na haina hata chembe ya fedha. Kuanzia 1907 Himaya za Afrika Mashariki na Uganda zilianza kutoa senti zenye tundu katikati. Senti moja ya kwanza ilikuwa ya alumini, miongoni mwa sarafu za kwanza duniani za madini hayo. Haikudumu, alumini ile ililiwa na unyevu na jasho la mikono, na kufikia 1909 wakageukia mchanganyiko wa shaba na nikeli. Lakini tundu lilibaki, na lilibaki kwenye senti tano na senti kumi hadi sarafu za 1964. Tundu lile liliwekwa kwa sababu wenyeji walizoea kutunga pesa zao kwenye uzi. Tazama basi jinsi kauri ilivyorudi kwa mlango wa nyuma: serikali iliyoikataa ililazimika kutengeneza sarafu inayotungika kama kauri. Na kandokando ya tundu, nakshi ni pembe za ndovu zilizopinda. Mnyama kwenye madini, madini kwenye uzi, uzi shingoni. Kukhu alikuwa na senti kumi za aina hiyo zilizochanganywa na shanga nyekundu, na alizivaa kwenda kanisani.

Rupia iliondolewa ghafla. Mwaka 1920 ilikuja florini, na mwaka uliofuata shilingi. Shilingi ile ya Afrika Mashariki, yenye simba aliyesimama mbele ya milima, wazee wengi huniletea wakiamini ni fedha tupu. Si fedha tupu. Kuanzia 1921 ilipigwa kwa fedha robo tu, 250 kati ya 1,000, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia hata robo hiyo iliondolewa. Zenye tarehe 1948 na kuendelea ni shaba na nikeli. Ukiisugua ya zamani kwenye jiwe, chini ya weupe unaona wekundu. Ukiiyeyusha unapata madini magumu, yanayopasuka chini ya nyundo. Kwa hiyo ninapoletewa shilingi ya simba na kuambiwa niifanye pete ya ndoa, humwambia mwenyewe airudishe nyumbani jinsi ilivyo. Ina thamani zaidi ikiwa na simba wake kuliko ikiwa ndani ya chungu changu.

Mji wa Malaba wenyewe ulizaliwa na reli. Njia ya kutoka Nakuru kupitia Eldoret ilivuka hapa kuelekea Tororo, ikafika Kampala 1931. Pamoja na reli walikuja wenye maduka wa Kihindi, na miongoni mwao masonara. Katika miji ya pande zote mbili, Kisumu, Mbale, Jinja, Tororo, sonara ndiye aliyejua fedha na dhahabu kwa undani. Alikaa chini miguu imekunjwa, mbele ya kipande cha gogo, akiwa na bomba la kupulizia moto mdomoni. Alikuwa na kalibu za mchanga na za mfupa wa ngisi, ule mweupe mwepesi ambao ukikandamiza kitu ndani yake huacha umbo lake kamili. Alijua kung'arisha fedha kwa kuichemsha na shabu.

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka. Wengi walipanda ndege Entebbe, lakini wengine walikuja kwa treni ya kwenda Mombasa, na treni hiyo ilipita hapa Malaba. Walikuwa na kikomo cha pesa za kubeba, kwa hiyo waliobahatika kuwa na mapambo waliyavaa au kuyashona ndani ya nguo, na njiani kwenye vizuizi askari waliwavua. Bangili za mama, mikufu ya harusi, vipini vya watoto. Wazee wa Malaba wanawakumbuka waliofika upande huu wakiwa na alama nyeupe tu kwenye mikono palipokuwa na bangili. Mimi nililia niliposimuliwa hayo kwa mara ya kwanza, na bado naona ni wizi mkubwa kuliko wa maduka, kwa sababu bangili ya harusi haina bei ya kulipia. Kwa ufundi wetu pia lilikuwa pigo. Sonara wa Tororo au Mbale alipoondoka, aliondoka na mkono wake. Vifaa vilibaki, vikauzwa kama vyuma.

Baada ya hapo fundi wa mpakani alikuwa mtu wa jua kali anayesubu alumini. Ufundi huu haupewi heshima inayoustahili. Nenda Busia uone wanavyosubu sufuria: sanduku la mbao, mchanga mweusi uliochanganywa na mafuta machafu, sufuria ya zamani inakandamizwa ndani, inatolewa polepole, na nafasi iliyobaki inajazwa pistoni za malori zilizoyeyushwa. Huo ndio usubu wenyewe. Kitu kinaacha umbo lake, madini yanachukua nafasi. Mimi nilianza hapo, kwa kumtazama fundi wa sufuria, kabla ya kugusa fedha.

Ninavyofanya na njugu ni hivi. Nachagua ganda lililokauka vizuri, lenye kiuno. Nalibandika kijiti cha nta, nalisimamisha ndani ya kopo, namimina uji wa plasta iliyochanganywa na mchanga laini sana. Plasta ikikauka, kopo linaingia tanuri, na joto linapandishwa taratibu kwa saa nyingi, maana ukiharakisha plasta itapasuka. Nta inayeyuka na kutoka, ganda linaungua likawa majivu. Nikilitoa kopo likiwa jekundu, ndani hamna kitu, ila kuta zimeshika kila mshipa wa ganda lile. Fedha tupu huyeyuka kwa nyuzi 961. Yangu ina shaba kidogo, huyeyuka mapema zaidi. Naiyeyushia papo hapo juu ya kopo, kwenye kisahani kilichochongwa mdomoni mwa plasta. Haishuki yenyewe, kwa kuwa vijitundu ni vyembamba. Inakaa pale ikizunguka na kung'aa kama jicho la samaki. Hapo nachukua kifuniko chenye mpini, kilichojazwa magazeti yaliyoloweshwa, nakikandamiza juu yake. Mvuke unalipuka na kuisukuma fedha ndani. Nahesabu, naachia, natumbukiza kopo kwenye ndoo ya maji, plasta inachemka na kubomoka. Njugu inatokea, nyeupe ya kufifia, na kwenye upande mmoja mara nyingine unaona hata kovu la funza aliyewahi kuitoboa.

Si kila kitu kinakubali. Omena hunitesa, kwa kuwa mfupa hauungui ukaisha. Huacha majivu yanayokwama kwenye mkia. Kauri nayo ni kama jiwe la chokaa. Ukiichoma inafanya vile vile wanavyofanya watu wa Pwani na matumbawe: inageuka chokaa, inalowana, inavimba, inavunja kalibu. Kwa hiyo kauri huikandamiza kwanza kwenye udongo laini, namimina nta, nachonga meno yake kwa sindano, ndipo naisubu ile nta. Kazi ni mara mbili, na bado ndiyo inayotakiwa kuliko zote. Madereva wa malori huwanunulia wake zao. Mama wa Kiteso kutoka Amagoro aliniambia anaivaa kwa sababu nyanyake alikuwa nayo ya kweli, na hakuhitaji kueleza zaidi.

Bara letu la Afrika ni bingwa wa usubu huu tangu zamani. Igbo-Ukwu, huko Nigeria, vilichimbuliwa vyombo vya shaba vya karne ya 9 hivi, na kati yake kuna makombe ya konokono yaliyosubiwa kwa ustadi unaoshinda kazi yangu mara nyingi. Waasante wa Ghana walipima vumbi la dhahabu kwa vijiwe vya shaba, na baadhi walivisubu moja kwa moja kutokana na mbawakawa, maganda ya njugu na mbegu, wakiacha mdudu aungue ndani ya udongo kama ninavyoacha ganda. Karne ya 16 mjini Nuremberg, Wenzel Jamnitzer alisubu mijusi na majani kwa fedha hadi wafalme wakashangaa. Ninawataja kwa sababu wateja wangu huulizia Ulaya kwanza. Igbo-Ukwu ilitangulia Nuremberg kwa miaka mamia.

Faida moja ya usubu huu inanigusa sana. Meno ya kiboko, kucha za chui na pembe za ndovu, vyote ambavyo wazee wetu walivaa kwa haki yao, leo ni kosa la jinai kuwa navyo bila kibali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977. Tarehe 18 Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu jijini Nairobi, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imeweka adhabu kali. Bado huja watu mpakani hapa na kucha kwenye mifuko, wakiniomba niziwekee kichwa cha fedha. Siwapokei, na nawasihi mafundi wenzangu wasiwapokee. Kucha naichonga kwa nta kwa kuangalia picha, naisubu, na mtu anavaa umbo la chui bila chui kufa. Kiboko wa Sio Port nao tuwaache na meno yao.

Kinachonisumbua sasa ni mizani ya vyuma chakavu. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo baada ya nyaya na nguzo za umeme kuharibiwa, na miezi michache baadaye ikairuhusu tena kwa masharti. Masharti yanatazama nyaya za umeme. Hayatazami kikuku cha kukhu. Nimeona kwenye rundo la vyuma vya kilo njuga za chuma cha Samia, zimeshikana kwa kutu, zikisubiri lori pamoja na vipande vya mabati. Mwenye mizani alizipima kwa bei ya bati, nikalipa, nikaziokoa. Zilizopita bila mtu kuzitazama sijui ni ngapi, na tanuri iliyozitoa haitawashwa tena.

Kwa sheria yetu ya makumbusho ya 2006, kitu kilichotengenezwa Kenya kabla ya 1895 ni kitu cha kale, na hakitoki nje ya nchi bila kibali. Vikuku vingi vya Samia vilivyomo ndani ya masanduku ya nyumba za Funyula, Nambale na Amukura huenda vina umri huo. Basi ndugu msomaji, kama nyanya yako ana kikuku, njuga, uzi wa senti zenye tundu au rupia iliyotobolewa, mwulize leo alikipata kwa nani, andika jina na kijiji, kipige picha pande zote mbili. Ukishindwa kukitunza, makumbusho ya Kisumu iko saa chache tu kwa matatu. Na ninyi wa kaunti, wekeni alama na uzio pale milimani penye mavi ya chuma, kabla mashamba na vifusi vya barabara havijapafunika.